Gari Lisilotulia, Tena Lisilotaka Kuwaka Likiwa na Moto

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, na kupigwa chapa kwa ombi la Katibu.



Nimeombwa niseme jioni hii juu ya motokaa, na nadhani wamo humu wanaojiuliza motokaa ina habari gani na watu wa kalamu. Jibu langu ni fupi. Hakuna kipuri kitokacho bohari pasipo hati, na hati haiandikwi na fundi. Huandikwa na sisi. Fundi husema, "Kabureta imekufa," nasi twaandika, "Kabureta moja, mpya." Mwezi wa pili husema, "Kumbe si kabureta, ni koili," nasi twaandika, "Koili moja, mpya." Mwisho wa mwaka gari limejaa vitu vipya, na bado latetemeka kama mgonjwa wa homa. Fedha zimekwenda, na mara nyingi jina zuri la dereva limekwenda pamoja nazo.

Sitasema juu ya magari yote, maana maneno ya jumla hayamfai mtu anayesimama njiani na boneti wazi. Nitalichukua gari moja ambalo wengi wenu mnalijua: Toyota Land Cruiser ya mizigo, ile FJ45, yenye injini ya petroli iitwayo 2F. Injini hiyo ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ujazo wake ni lita 4.2. Ilianza kutiwa katika magari hayo katikati ya miaka ya 1970, na FJ45 ziliacha kuundwa mwaka 1984, hata iliyo changa kwa umri imekwisha pita miaka 40. Yapo bado, katika maboma, katika misheni na katika shule za mbali, nayo yafanya kazi. Tena hayana kompyuta ya kumwambia fundi ugonjwa uko wapi. Lakini karibu kila dalili yake yaweza kutafutwa kwa macho, kwa masikio, kwa bisibisi na kwa subira, na kati ya hivyo vinne ni subira iliyo adimu.

Malalamiko yenyewe ni mawili, na aghalabu huja pamoja. La kwanza ni kwamba gari likisimama na dereva akiondoa mguu, injini haitulii. Mafundi wetu husema halina sailensi, au lina misi. La pili ni kwamba asubuhi, likiwa baridi, lawaka mara moja, lakini likiisha kwenda safari, likazimwa kwa muda wa kupakua mizigo, halikubali kuwaka tena. Yatupasa tuyaelewe yote mawili kabla ya kugusa spana.

Injini ikitulia huzunguka kiasi cha mara 650 kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, basi silinda sita hutoa miwako 1,950 kwa dakika moja. Mlango wa hewa ulio chini ya kabureta karibu umefungwa, na pistoni zavuta kwa nguvu katika nafasi ndogo sana. Hapo ndipo tundu dogo la kuvujia hewa, ambalo katika mwendo wa barabarani lisingeonekana, huwa jambo kubwa, kwa maana hewa ile isiyohesabiwa yaharibu kipimo. Petroli kilo moja yataka hewa kiasi cha kilo 15 ipate kuungua sawasawa. Hewa ikizidi mno, silinda hukosa kuwaka, na petroli ikizidi mno, plagi hulowa na kufanya masizi. Ndiyo sababu gari laweza kukimbia vizuri barabarani na kutetemeka langoni mwa boma, na dereva anayesema hivyo hasemi uongo.

Sasa kuhusu kukataa kuwaka likiwa na moto. Katika injini ya 2F, manifoldi ya kuingiza mchanganyiko na manifoldi ya kutoa moshi zimefungwa upande mmoja wa injini, ya moshi chini na ya mchanganyiko juu, na kabureta imekaa juu ya zote. Gari likienda, petroli mpya yapita daima na feni yavuta hewa, hivyo kabureta hupoa. Gari likizimwa, feni husimama, maji husimama, na joto lote la chuma cha chini hupanda juu. Kwa hiyo kabureta huwa na joto kubwa zaidi dakika kadhaa baada ya kuzimwa kuliko ilivyokuwa safarini. Petroli iliyo katika bakuli la kabureta huanza kuchemka. Yaweza kumwagikia ndani ya manifoldi, injini ikazama. Au yaweza kuchemka katika pampu na mabomba, yakajaa mvuke, injini ikakosa kinywaji. Mambo haya mawili ni kinyume kabisa, na dawa ya moja ni sumu ya jingine. Dereva akipiga piga mguu juu ya petroli katika gari lililozama, alizidisha mafuriko.

Nitawaeleza kisa nilichokishuhudia katika wilaya moja ya nyanda za juu, bila kuitaja idara wala mtu. Gari la namna hii lilikuwa likipeleka dawa katika zahanati. Dereva, mzee wa makamo, mtu wa maneno machache, alikuwa hazimi injini anaposhusha mizigo. Petroli ilitumika kupita kiasi, na karani wa hesabu, akilinganisha maili na lita, aliandika barua kwamba petroli inauzwa njiani. Mzee yule akatakiwa ajieleze kwa maandishi. Naye hakuwa na maandishi ya kutosha ya kujieleza, alisema tu, "Nikilizima haliwaki." Gari likapelekwa karakana, likalala usiku, likawashwa asubuhi mbele ya mashahidi, likawaka mara ya kwanza. Kila mtu akaona ushahidi umetimia.

Walakini, mabwana, gari lililolala usiku ni gari baridi. Kulijaribu hivyo ni sawa na kumpima homa mtu wa malaria katika siku yake ya nafuu. Kilichomwokoa mzee yule ni daftari lake mwenyewe la safari, ambalo alikuwa amelijaza kwa uaminifu kila siku, saa ya kufika na saa ya kuondoka. Tulipolisoma, tuliona katika kurasa za miezi ya mwanzo, kabla hajaanza desturi ya kuiacha injini ikiwaka, kwamba aliposimama dakika mbili au tatu aliondoka bila taabu, na aliposimama kwa chakula cha mchana na mapumziko marefu aliondoka bila taabu vile vile. Lakini aliposimama robo saa au nusu saa, palikuwa na kuchelewa, na mara mbili ameandika, "Tulisukuma." Mwizi wa petroli hawezi kutunga mpango kama huo. Huo ni mpango wa joto: linapanda, linafika kileleni, kisha linashuka.

Basi tukalipasha moto gari kwa safari ya saa moja, tukalizima, tukangoja dakika 20 kwa saa ya mkononi, ndipo tukaanza kazi. Na hii ndiyo njia tuliyoifuata, ambayo naisifu kwenu kwa kuwa haikutaka hati hata moja ya kipuri mpaka mwisho.

Swali la kwanza ni hili: starta yazungusha injini kwa nguvu, au yazungusha kwa uvivu? Ikiwa ni kwa uvivu, acheni kabureta kabisa. Tazameni vichwa vya betri, waya wa kutoka betri kwenda kwenye chesisi na injini, na starta yenyewe, kwa kuwa shaba ikipata moto hupitisha umeme kwa shida zaidi, na waya uliokula kutu ambao asubuhi wajikongoja, mchana hushindwa. Katika gari letu starta ilizunguka vizuri.

Swali la pili ni umeme wa plagi, nao ujaribiwe wakati gari limekataa, si baadaye. Kabla ya yote, mtu asivute sigara, na plagi zilizomo injinini zisifunguliwe. Waya mmoja huvuliwa, hutiwa plagi ya akiba, na plagi hiyo huegemezwa kwenye chuma cha injini mbali na kabureta; kisha mtu mwingine apige starta. Cheche ikiwa ya buluu na yenye mlio, umeme ni mzima. Ikiwa nyembamba na ya manjano, au ikikosa, shaka iko kwa koili au kondensa, ambazo zote mbili zaweza kuwa nzima zikiwa baridi na kufa zikipata moto. Tena iko dalili moja ambayo hudanganya wengi: injini yashika wakati starta inazunguka, na mara ufunguo ukiachiliwa hufa. Hiyo aghalabu si petroli. Katika magari yenye kipunguza umeme karibu na koili, starta ikizunguka umeme hupita njia ya mkato, na ufunguo ukirudi hupita katika kipunguza hicho. Kikikatika, injini hufa hapo hapo. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na nimeona kabureta nzima ikibadilishwa kwa ajili yake.

Pointi za ndani ya distributa nazo zitazamwe. Nafasi yake katika injini hii ni milimita 0.45. Kisigino chake cha fibra kikilika, nafasi hupungua na miwako huchelewa, injini ikapata joto kuliko desturi na sailensi ikaharibika. Mhimili wa distributa ukishikwa kwa vidole usicheze kwa pembeni. Ukicheza, hakuna pointi mpya itakayodumu.

Swali la tatu ni petroli: imezidi, au imepungua? Fungueni kifuniko cha chujio la hewa, injini ikiwa imezimwa, mkatazame ndani ya koo la kabureta kwa tochi, kamwe si kwa kiberiti. Ikiwa petroli yadondoka yenyewe na harufu imejaa, injini imezama. Kisha vuteni kwa mkono fimbo ya mafuta mara moja. Petroli ikiruka katika koo kama mate ya nyoka, bakuli lina kitu. Isiporuka, bakuli limekauka. Kabureta ya gari hili ina kidirisha cha kioo pembeni, na petroli yapasa kuonekana katikati yake. Ni ajabu jinsi watu walivyo wepesi wa kuifungua kabureta yote kabla ya kutazama kidirisha hicho. Ikiwa imezama, dereva akanyage mafuta mpaka chini, aushikilie mguu pasipo kupiga piga, apige starta kwa sekunde chache, apumzishe, arudie. Injini ikishika na moshi mweusi ukatoka, hukumu imethibitika.

Gari letu lilikuwa limezama. Sasa kwa nini? Laweza kuzama kwa boya lililowekwa juu mno, kwa sindano ya petroli isiyoziba, au kwa joto kupita kiasi. Kidirisha kilionyesha petroli mahali pake, hivyo tukafuata joto. Chini ya kabureta, ndani ya manifoldi ya moshi, mna kibati kinachogeuka kwa springi, ambacho kazi yake ni kupeleka moshi wa moto chini ya njia ya mchanganyiko injini ikiwa baridi, na kuugeuzia njia nyingine injini ikiisha pata moto. Tulipoushika mhimili wake haukugeuka. Ulikuwa umeshikwa na kutu upande wa baridi, hivyo kabureta ilikuwa ikipikwa siku nzima. Na juu ya hilo, bati la kukinga joto linalokaa kati ya kabureta na manifoldi halikuwapo kabisa. Bila shaka fundi mmoja wa zamani alilitoa siku moja akaona gari laenda bila lenyewe, akalitupa.

Likabaki lile la kutotulia. Hapa nawaomba subira, kwa kuwa ndipo magonjwa mawili yalipokutana. Tulivua waya za plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpini wa mpira, injini ikitulia, na kila waya uliovuliwa ukagusishwa chuma ili cheche ipate njia. Silinda nzima ikinyimwa umeme, mwendo hushuka. Silinda iliyo mgonjwa ikinyimwa, hakuna kinachobadilika. Silinda ya tatu na ya nne hazikubadilisha kitu. Mtu atasema, plagi zake au waya zake. Lakini zilipobadilishana plagi na waya na jirani zao, ugonjwa haukuhama. Silinda mbili za katikati, zilizo jirani, zikiugua pamoja, fikira ya kwanza iwe juu ya kitu kinachowaunganisha, nacho ni gasketi ya manifoldi. Tukachukua chupa ya kunyunyizia maji ya kupigia pasi, tukanyunyiza kidogo juu ya kiungo, tukijihadhari na distributa. Maji yalipogusa katikati, injini ikabadili sauti kwa nukta chache, kisha ikarudi. Ilikuwa ikivuta hewa hapo. Wengine hunyunyiza petroli kwa jaribio hili. Mimi silipendi jambo hilo karibu na ekzosi yenye moto, na silishauri kwa mtu yeyote mwenye watoto.

Sasa mtaona mambo yalivyofungamana. Hewa ilipoanza kuingia, injini ikakosa kutulia. Fundi akaongeza skrubu ya sailensi na kufungua skrubu ya mchanganyiko ili kuficha ule mtetemo. Petroli ikazidi. Kabureta iliyokwisha kuwa na joto ikawa sasa na manifoldi iliyolowa, na kila ilipozimwa ikazama upesi zaidi. Dereva akaacha kuzima. Petroli ikapanda katika daftari la hesabu. Na mwisho wa mnyororo huo palikuwa na barua ya kumshitaki mtu.

Matengenezo yalikuwa gasketi moja ya manifoldi, mafuta ya kulainisha na kugonga gonga kwa kile kibati mpaka kikageuka, na bati la kukinga joto tulilolikata katika bati kuukuu kwa kufuata umbo la gari jingine. Manifoldi ililazwa kwanza juu ya ubao wa chuma ulionyooka kuona kama imepinda, kwa kuwa iliyopinda huiua gasketi mpya katika majuma machache. Baada ya hapo tulipima nafasi za valvu injini ikiwa na moto, milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.35 kwa za kutoa. Msisifu injini iliyo kimya mno upande huo: valvu iliyokazwa haigongi, bali yaungua. Barua iliondolewa katika faili la mzee, ingawa ilichukua muda mrefu kuliko gasketi.

Sina budi kusema neno juu ya nyanda za juu, kwa sababu injini nyingi zimehukumiwa kufa kwa kutolijua. Mafundi wenye kipimo cha mvuto wa manifoldi husoma kitabuni kwamba injini nzima ikitulia yapasa kuonyesha inchi kati ya 17 na 21 za zebaki. Hayo ni maneno ya pwani. Kwa kila futi 1,000 za kupanda, kipimo hushuka kiasi cha inchi moja. Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, yaani zaidi ya futi 5,500. Basi injini iliyoonyesha 19 Dar es Salaam itaonyesha 13 au 14 huko, nayo haina ugonjwa wowote. Mtu akiifungua kwa ajili ya namba hiyo, amempasua mtu mzima. Kinachofaa kutazamwa ni mshale wenyewe: ukitulia, ni vyema, ukiruka kwa kipindi kilicho sawa sawa, kuna valvu inayougua. Tena huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopimwa pwani hutoa petroli nyingi kuliko haja. Na kama vile maji yanavyochemka upesi zaidi milimani, ndivyo na petroli. Gari linalohamishwa kutoka Tanga kwenda Njombe lipimwe upya, na jambo hilo liandikwe katika hati ya uhamisho, si kuachwa kwa dereva agundue mwenyewe.

Kwa sisi wa ofisini naomba jambo moja tu. Katika daftari la safari ongezeni mstari mmoja wa maelezo: gari lilikuwa baridi au moto, lilizimwa kwa dakika ngapi, starta ilizunguka vipi, palikuwa na harufu au moshi. Na karani anayepokea ombi la kipuri aulize, kabla ya kutia sahihi, kitu hicho kilijaribiwa kwa namna gani, na gari likiwa katika hali gani. Mimi nikiwa bohari nilikuwa nikirudisha maombi yasiyo na jibu la swali hilo. Sikupendwa sana, lakini rafu zangu zilikuwa na vitu.

Bwana mmoja ameniuliza kabla ya mkutano juu ya desturi ya madereva ya kufunga kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu ya petroli. Desturi hiyo si ushirikina. Palipo na mvuke katika pampu, kitambaa huupoza, mvuke hurudi kuwa petroli, na gari huwaka. Likiwaka kwa njia hiyo, aandike, maana amekwisha kuonyesha kwamba ugonjwa ni wa kukosa petroli, si wa kuzama. Lakini maji yasimwagwe juu ya manifoldi ya moshi iliyo na moto. Ni chuma cha kalibu, nacho hupasuka, na hiyo haitengenezwi kwa bati kuukuu.